Bibi Shamba Anajibu: Udongo Juu, Maji Chini

Barua za safari hii zimeelekea upande mmoja: watu wamechoka kumwagilia. Mimi sina ugomvi na mkulima mvivu, maadamu awe mvivu baada ya kazi na si kabla yake. Nimeanza na barua ndefu kuliko zote kwa sababu nyingine nyingi zinauliza jambo lilelile kwa maneno mengine.

Shikamoo Bibi Shamba. Kazi yangu ni ya safari, naweza kuwa nje wiki mbili hadi tatu. Kila nikirudi nakuta mimea yangu ya vyunguni imekauka. Nilitaka kuhamia hidroponiki ya ndoo, ile ya mizizi kuning'inia ndani ya maji mengi yenye virutubisho na pampu ya hewa ikibubujisha chini, lakini naogopa umeme ukikatika nikiwa mbali. Nikawaza nichanganye: chungu cha udongo juu, ndoo ya maji chini, mizizi ijichagulie. Rafiki zangu wananicheka, wanasema ni ama udongo ama maji. Je, wana haki? — Msafiri

Marahaba, Msafiri. Waache wacheke. Wazo lako lina umri mkubwa kuliko wao. Miaka ya 1930, W. F. Gericke wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, mtu aliyeifanya hidroponiki ijulikane, alifunika matangi yake kwa wavu wa waya, na juu ya wavu akatandaza tabaka la takataka kavu za mimea. Mche ulianzia humo, kisha ukateremsha mizizi hadi kwenye maji ya mbolea. Nyanya zake zilirefuka hadi zikachumwa kwa ngazi. Kwa hiyo mmea mmoja kuwa na makao mawili si ajabu.

Kitakachoamua kama mpango wako utafaulu ni kitu ambacho hukukitaja hata mara moja katika barua yako: nafasi ya hewa kati ya chungu na maji. Watu wengi hukalisha chungu ndani ya maji moja kwa moja, wakidhani wameunganisha udongo na hidroponiki, kumbe wametengeneza tope. Udongo ukigusa maji huyanyonya kwenda juu, na vile vitundu vyake vidogo vilivyokuwa vimeshika hewa hujaa maji. Oksijeni husafiri ndani ya maji polepole takriban mara 10,000 kuliko inavyosafiri hewani. Mizizi iliyozoea udongo wenye hewa haiwezi kusubiri mwendo huo. Inakosa pumzi, inaoza, na majani yananyauka huku chini kumejaa maji. Mwenye mmea akiona majani yamelegea anaongeza maji mengine.

Basi acha sentimita tano hivi kati ya kitako cha chungu na uso wa maji. Humo ndani kumefunikwa, hewa yake ina unyevu, na mizizi haiogopi kupita hapo. Ikishuka utaiona inajigawa yenyewe kazi. Ile ya hewani huota vinyweleo vingi kama sufi. Ile inayoingia majini huwa myeupe, laini, yenye vinyweleo vichache, na kwa mimea mingi hujitengenezea ndani yake njia za kupitishia hewa kutoka juu. Mizizi ya udongoni inabaki udongoni na kazi yake ya zamani. Hiyo ndiyo bima yako dhidi ya umeme. Katika ndoo ya kawaida ya hidroponiki, pampu ikizimika siku ya joto, mizizi yote inakosa hewa kwa pamoja. Katika mpango wako, ya majini inaweza kuumia lakini ya udongoni na ya hewani inaendelea kupumua.

Tena ningekushauri uanze bila pampu kabisa. B. A. Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii ameonyesha vizuri kwamba maji yasiyobubujishwa hulea mmea, mradi yaachwe yashuke kadiri mmea unavyokunywa, na mizizi iliyobaki juu igeuke kuwa ya kuvuta hewa. Lakini njia yake ina sharti moja ambalo waliorudi kutoka safari hulivunja kwa furaha: wakikuta ndoo iko nusu wanaijaza pomoni. Mizizi iliyokwisha kuzoea hewa ikizamishwa ghafla hufa. Ukirudi, ongeza kiasi, uso wa maji usipande zaidi ya theluthi moja ya kina ulichoshuka.

Sasa ujenzi. Chukua ndoo isiyopitisha mwanga. Kama inapitisha, ipake rangi nyeusi kisha juu yake nyeupe: nyeusi izuie mwanga, nyeupe izuie joto. Mwanga ukiingia majini utaotesha ukijani unaokula mbolea yako. Chungu cha juu kiwe na matundu mapana kitakoni, na juu ya matundu tandika kipande kimoja cha gunia la katani. Udongo hautapita, mizizi itapita. Gunia litaoza baada ya miezi kadhaa, na ni sawa, kwa sababu wakati huo mizizi yenyewe itakuwa imeushika udongo. Gunia la plastiki usilitumie. Mizizi huzunguka juu yake kama mtu aliyefungiwa mlango. Usiweke kokoto ndani ya chungu eti zisaidie kuchuja. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo wa chini uwe umeshiba kabisa, kwa hiyo kokoto zako zinapandisha tope juu, karibu na mizizi. Udongo wenyewe uwe mwepesi, wenye mboji iliyoiva vizuri. Mfinyanzi haufai hapa.

Mwezi wa kwanza usisafiri. Nasema kweli. Mpaka mizizi ifike majini, hiki ni chungu cha kawaida kinachohitaji kumwagiliwa kutoka juu, na ndoo iliyo chini ni pambo. Mmea wenye nguvu unaweza kuchukua wiki mbili hadi nne kuteremsha mizizi. Funua uchungulie. Ukiona nyuzi nyeupe zimegusa maji na kuanza kutawanyika, punguza maji ya juu pole pole.

Halafu fanya hesabu kabla ya kufunga mzigo. Mnyanya mkubwa wenye matunda, siku ya jua kali, unaweza kunywa lita mbili hata tatu. Ndoo ya lita 20 huwezi kuijaza yote, maana umeacha nafasi ya hewa. Sema una lita 15. Hiyo ni wiki moja, si tatu. Kwa wiki tatu za mnyanya mmoja unahitaji pipa la lita 60 au zaidi. Mpilipili mdogo hunywa kidogo kuliko mnyanya, na mmea wa majani ulio kivulini hunywa kidogo sana, ndoo hiyohiyo itaufikisha mwezi. Watu husifu hidroponiki kana kwamba ina uchawi wa kuondoa kazi. Kinachoondoa kazi ni ukubwa wa chombo cha maji.

Bibi Shamba, mimi nimejaribu kama hivyo, udongo juu na maji chini. Nilitia samadi ya kuku kwenye ndoo ya chini, maji yakatoa povu na harufu mbaya, na mrehani wangu ukafa. Jirani akaniambia nitumie urea. Nitie nini? — Mwenye Baraza la Jua

Samadi ni chakula cha udongo. Udongoni kuna jeshi la vijidudu linaloivunja pole pole na kuigeuza kuwa kitu ambacho mzizi unaweza kukinywa. Ukiitia kwenye ndoo ya maji yaliyotulia, vijidudu hao wanafanya kazi ileile ila wanatumia oksijeni yote iliyomo, na wakiimaliza wanakuja wengine wasiohitaji oksijeni. Hao ndio wenye ile harufu. Urea ina shida inayofanana: ili mmea unufaike nayo vizuri inatakiwa igeuzwe kwanza kuwa amonia, kisha nitrati, kazi ambayo udongo hai unaifanya kwa urahisi na ndoo safi ya maji haiwezi. Amonia ikizidi majini inaunguza mizizi. Jirani yako asikilizwe kuhusu shamba, si kuhusu ndoo.

Kanuni yangu ni hii: vyakula vya kuoza vikae juu, vya kuyeyuka vikae chini. Mboji na samadi iliyoiva uchanganye na udongo wa chunguni. Chini tia mbolea ya hidroponiki, ile ambayo nitrojeni yake nyingi iko katika hali ya nitrati. Huuzwa mara nyingi kama pakiti mbili, A na B, na watu huuliza kwa nini zisichanganywe zikawa moja. Kalsiamu ikikutana na salfeti au fosfati katika maji mazito huganda na kuwa unga mweupe usioyeyuka, na mmea haunufaiki. Yeyusha ya kwanza katika maji mengi, koroga, ndipo utie ya pili.

Kwa vile udongo nao unalisha, tia nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mimi kwenye ndoo ya mpilipili ulioko upenuni kwangu sijawahi kuzidisha nusu hiyo. Kama una mita ya EC, kifaa cha kupima wingi wa chumvi za mbolea majini, kati ya 0.8 na 1.2 mS/cm inatosha kwa mrehani na nanaa. Mnyanya wenye matunda unaweza kuupandisha hadi 2. Uchachu wa maji, yaani pH, uwe kati ya 5.5 na 6.5. Ukiona namba ya pH inapanda kidogo kidogo, yaani uchachu unapungua, usishtuke, mmea unaokula nitrati hufanya hivyo.

Siku za joto mmea hunywa maji haraka kuliko unavyokula chumvi za mbolea, kwa hiyo yanayobaki ndooni yanazidi kuwa makali. Ukiongeza, ongeza maji matupu au yenye mbolea hafifu sana. Wapo wanaoongeza kila mara maji ya kipimo kamili, halafu wanaandika kuniuliza kwa nini ncha za majani zimeungua.

Na ukitaka, weka maji matupu chini tangu mwanzo, udongo ulishe peke yake. Inawezekana, hasa kwa mimea ya majani isiyo na pupa. Ila yasiwe ya mvua. Maji ya mvua hayana karibu kalsiamu yoyote, na kalsiamu ina tabia ya peke yake: ikipanda na maji hadi majanini, hairudi chini. Mmea hauwezi kuichukua kutoka kwenye majani ukaipeleka kwenye ncha za mizizi. Kila ncha inataka kuikuta hapo ilipo. Kwenye maji yasiyo na kalsiamu ncha hizo hulegea na kuwa kama ute, na mtu akiona hivyo anadhani ni ugonjwa. Tia kidogo cha nitrati ya kalsiamu, au changanya na maji ya bomba yenye madini. Kasoro hiyohiyo ya kalsiamu kutosafiri ndiyo inayoleta kuoza kitako kwa nyanya, hasa udongo unapokauka na kulowa kwa zamu. Mnyanya wenye mizizi majini hauna zamu hizo, na kwangu hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuhangaika na ndoo.

Mizizi yangu ilikuwa myeupe, sasa ni ya kahawia. Ndiyo imeoza? — Mwenye Wasiwasi

Iguse. Ikiwa migumu, haina harufu mbaya, na ncha mpya ni nyeupe, hiyo ni rangi tu: maji ya mboji yaliyochuruzika kutoka juu huipaka mizizi rangi kama ya chai. Ikiwa inateleza, inanuka, na ukiivuta ganda linavuliwa likaacha uzi mwembamba katikati, basi imeoza, na mshukiwa wa kwanza ni Pythium, kimelea apendaye maji ya uvuguvugu yenye hewa haba.

Tazama joto la maji. Kwenye nyuzi 20 lita moja ya maji inaweza kushika karibu miligramu 9 za oksijeni. Kwenye nyuzi 30 inashika kama 7.5. Upungufu huo unaonekana mdogo, lakini kwenye joto lilelile mzizi wenyewe unapumua kwa kasi zaidi. Mapato yameshuka, matumizi yamepanda. Sogeza ndoo kivulini hata kama majani yako juani, ifunike kwa kitambaa cheupe, au uichimbie nusu ardhini. Kata iliyooza, mwaga maji, osha ndoo, anza upya na maji yaliyo chini zaidi ili mizizi mingi ibaki hewani. Hapa pampu ya hewa ina faida, kama unayo.

Acha pia kumwagilia chungu kwa wingi kutoka juu. Kila unapofanya hivyo unashusha vumbi la udongo na mabaki ya mboji ndooni, nayo yanaozea humo. Chungu kikisha kuwa na mizizi majini, maji ya juu yawe ya kulowesha tu, yasidondoke. Lakini uso wa udongo ukiota ukoko mweupe wa chumvi, ruhusa imetoka: beba chungu pembeni, kimwagilie mpaka maji yatoke chini, yamwagike kwingine, kisha ukirudishe.

Shikamoo Bibi. Nina maua ya ndani yaliyokulia kwenye udongo miaka mingi, likiwemo monstera kubwa. Nioshe udongo wote nitie mizizi majini? Nimeona watu wanafanya hivyo. — Mpenda Maua

Marahaba mwanangu. Mimi sifanyi hivyo kwa mmea mkubwa. Mizizi iliyokulia udongoni ikioshwa inapoteza vinyweleo vyake, na iliyobaki haijui kuishi majini. Sehemu kubwa itaoza kabla mipya haijaota. Mmea mdogo unavumilia. Mkubwa unaweza kupoteza nusu ya majani, nawe utakaa wiki kadhaa ukibadilisha maji yanayonuka.

Uache na udongo wake. Panua matundu ya kitako cha chungu, kikalishe juu ya chombo cha maji, acha nafasi ya hewa, na usubiri mizizi mipya ishuke yenyewe. Iliyozaliwa majini haiozi majini kirahisi. Monstera ina mizizi ya hewani inayoning'inia shinani. Huo mmoja mrefu unaweza kuuelekeza moja kwa moja kwenye maji hata bila kugusa chungu, na utaona unatoa matawi.

Je, naweza kupanda mshubiri na dungusi kakati kwa njia hii? Na letusi je? — Msomaji wa Siku Nyingi

Mshubiri na dungusi, hapana. Hiyo ni mimea iliyojipanga kuishi bila kutembelewa. Kuiwekea ndoo ni kuisumbua. Rozmari na lavenda nazo hupenda mizizi mikavu. Karoti na viazi vinataka udongo wenyewe, si mlango wa kupitia. Letusi haihitaji udongo kabisa: sanduku la maji lenye kifuniko na matundu linaitosha, itavunwa kabla hujakumbuka kuongeza maji. Mpango wa juu na chini unalipa kwa mimea inayokaa miezi mingi na kunywa sana: nyanya, pilipili, biringanya, rehani, nanaa. Nanaa utajuta, lakini kwa wingi wake.

Wala usitarajie mavuno ya miujiza. D. R. Hoagland na D. I. Arnon, nao wa California, waliandika mwaka 1938 kwamba maji yenye virutubisho hayaushindi udongo mzuri uliotunzwa vizuri. Unachonunua hapa ni muda wako.

Mume wangu anasema ndoo zangu zinafuga mbu na ametishia kuzimwaga. Nifanyeje? — Mke wa Mtu

Ana haki, dada, kama ziko wazi. Kwenye maji ya uvuguvugu mbu hutoka yai hadi kuruka kwa wiki moja hadi mbili, na ndoo yako inakaa na maji yaleyale muda mrefu kuliko huo. Dawa ni kuziba. Chungu kikae kwenye kifuniko kilichokatwa sawa na mzunguko wake, upenyo wowote uzibwe kwa sponji, na tundu la kuongezea maji livalishwe wavu wa nailoni wenye macho madogo. Kama umetoboa tundu la ubavuni la kutolea maji yaliyozidi, nalo livalishwe, maana ndilo watu wote wanalosahau.

Viluwiluwi wakishaonekana, zipo tembe za Bti, bakteria wanaoua viluwiluwi vya mbu na kuuacha mzizi salama. Mafuta ya taa usimwage, wala mafuta ya aina yoyote: utando wake unaziba uso wa maji, mbu wanakufa na mmea unafuata. Mwonyeshe mumeo ule wavu kabla hajashika ndoo.